Mafungu ya Bi Mwajuma na Saa ya Kunyonyesha

Mama Shaibu anasema mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi. Mimi nasema nimestaafu. Kuacha kazi ni kuondoka wakati ungeweza kubaki, na mimi sikuachiwa pa kubakia. Hilo nitalifikia. Kwa sasa jueni tu kwamba funguo za stoo nimekabidhi, mtoto wangu wa pili amelala mapajani, na nina hasira. Hasira yenyewe haiwahusu ninyi, wadogo zangu mnaoingia stoo ya lile jiko. Ninyi nawaandikia kwa sababu niliingia pale sijui kitu, na walikuwepo watu walionifundisha taratibu, bila kunicheka sana.

Mshahara siandiki, mtauona wenyewe. Vyeo pia siandiki. Cheo nilichopata mimi ni kuongezewa funguo.

Jiko lilikuwa Mbwawa, banda refu lililoezekwa bati, lenye uzio wa makuti. Tulipika chakula cha mchana cha vibarua na mafundi wa viwandani kule Kwala. Kilipakiwa kwenye pikapu kikiwa cha moto, na kilitakiwa kiwe kimefika kabla king'ora cha mapumziko hakijalia.

Siku ya kwanza nilikwenda na sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nikadhani stoo ni rafu na karatasi. Mpishi mkuu ni Mama Shaibu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe ndiye wa stoo?"

"Ndiyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu vua hivyo viatu vya harusi. Ingiza mkono kwenye gunia lile mpaka kiwiko."

Lilikuwa gunia la kisamvu. Nikaingiza. Ndani kulikuwa na joto kama kwapa la mtu mwenye homa.

"Umesikia nini?"

"Joto."

"Basi majani yamechumwa jana yakarundikwa. Haya ya juu yamenyunyiziwa maji yakudanganye. Mwenye mali atakuonesha juu. Wewe muulize katikati."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na kama mtasahau mengine yote, lishikeni hilo. Mali haipokelewi kwa macho. Mchele tafuna punje yake, nazi itikise sikioni, na maharage yatie mkononi uyapulize uone vumbi lake. Mzani usiuamini kabla hujaupanda mwenyewe. Unajua uzito wako, na ukikudanganya kuhusu wewe utakudanganya kuhusu vitunguu.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za kisamvu. Mtu wa ofisini anakiona kikiwa sahanini, kijani kimelala kwenye nazi, anadhani kimezaliwa hivyo. Kumbe kuna kuchambua majani kutoka kwenye vikonyo, kuna kuosha, kuna kusaga, kuna kuchemsha mpaka yaive sawasawa, ndipo uanze kufikiria nazi. Kikonyo kikipita mpaka kwenye mashine ya kusaga kinajizungusha kama uzi kwenye cherehani, mashine inazimika, na Mama Shaibu anaanza kuutaja ukoo mzima wa aliyeiunda.

Mihogo Mbwawa ipo, lakini si ya kutosha masufuria yale. Kisamvu chetu kilitoka Kisarawe, kwa Bi Mwajuma, mama wa makamo aliyekuwa akilima na wakwe zake. Kililetwa kwa pikapu ya mpwa wake. Majani machanga, yamechumwa alfajiri, yamefungwa mafungu madogo kwa kamba ya mgomba, kila fungu limelala kichwa na mkia kama watoto kitanda kimoja. Ukiingiza mkono katikati, baridi. Na juu ya mzigo, kila mara, mafungu ya nyongeza.

Nyongeza ile, jamani! Utaratibu wa stoo ulisema kinachopokelewa kilingane na kilichoagizwa. Kikizidi, unaandika karatasi ya ziada, unaeleza kwa nini, mtu mwingine anasaini. Mama wa watu anatuma zawadi, mimi naiandikia maelezo kama ajali.

Halafu nikamzaa Zawadi.

Niliporudi kazini alikuwa bado hajaweza kukaa. Mama yangu alikaa naye nyumbani. Madam, mwenye jiko, hakuninyima muda wa kunyonyesha, na hapo nataka nimtendee haki. Alisema, "Saa nne we nenda. Kwenu si hapo tu." Kweli, kutoka jikoni mpaka kwetu ni mwendo wa kumaliza chungwa moja.

Shida ni Jumanne na Ijumaa. Saa nne ya siku hizo ilinikuta nimekaa sakafuni katikati ya mafungu, nafungua kamba. Ukilikata fungu kwa kisu unakata na majani, na vipande vya kamba vinaingia kwenye mashine. Kwa hiyo unafungua kwa kucha, fungu moja baada ya jingine, mimi na kila mwenye mikono mitupu. Mama akisubiri asinione, alimleta mtoto mpaka kwenye uzio. Nikawa namsikia Zawadi analia upande wa pili wa makuti, maziwa yananilowanisha blauzi mpaka kwenye kitenge, na mikono yangu imejaa utomvu. Mama Shaibu alinitupia khanga nijifunike. Mtu asiyewahi kusikia kilio cha namna hiyo mwilini mwake asiniambie kitu kuhusu ufanisi.

Wakati huo ndipo Madam alipompata msambazaji mwingine, bwana mmoja mwenye lori. Bei yake ilikuwa chini, na hakufunga mafungu, alijaza magunia. Tukajaribu wiki mbili. Kamba hazikuwepo, lakini vikonyo! Bwana yule alikuwa anavunja matawi mazima na kuyakanyagia guniani. Majani ya katikati yalikuwa yameiva kwa joto kabla ya kufika jikoni. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, mashine ikazimika, Zawadi akalia mpaka akachoka akalala na njaa yake.

Nikaingia ofisini na utomvu wangu mikononi.

"Madam, magunia ya lori yana vikonyo. Kazi imekuwa mara mbili."

"Bei yake umeiona?"

"Nimeiona. Kazi yake wewe umeiona?"

"Mama Zawadi," akasema bila hata ukali, na ndicho kilichoniuma, "akina mama si wapo tu? Wachambue sana, wachambue kidogo, si wapo tu?"

Wapo tu. Nilitoka nikaenda kuosha masufuria ambayo tayari yalikuwa safi.

Aliyenikuta pale ni Mzee Lameck, mhasibu. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye suruali inayofika juu kidogo ya soksi. Alikuja jikoni siku za hesabu, na kila akija alipita kwa Mama Shaibu kuomba ukoko wa wali. Alikuwa akiutafuna kwa heshima, kama mtu anayekula keki.

"Nani kakuudhi, mwanangu? Hilo sufuria utalitoboa."

Nikamweleza. Akatafuna, akameza.

"Nimeambiwa nilinganishe wasambazaji," akasema. "Bei ni mlango tu. Mtu akishapita mlangoni, mimi nataka kujua anatufanyisha nini humo ndani. Hebu niambie. Ila usinitajie kisamvu wala gunia. Nitajie mnachofanya."

Akaokota kipande cha mkaa, akasimama mbele ya ukuta wa chokaa karibu na mlango wa stoo, akapiga mstari katikati. Kushoto Kisarawe, kulia lori. Wanawake wakaacha kazi kuangalia, kwa sababu mtu mzima anayechora ukutani ni burudani.

"Kupokea," nikasema. "Kupima. Kufungua. Kuchambua. Kuosha. Kusaga."

"Kufungua mashine ikikwama," akadakia Mama Shaibu. "Na kutukana."

"Kutukana kunachukua muda?"

"Kwa huyu? Asubuhi nzima," mtu akajibu kutoka nyuma, tukacheka.

Mzee Lameck hakucheka. Akaandika "kutukana". Halafu akatufundisha jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Akasema kila kazi ina baba yake, yaani kitu kinachoizaa, na kosa la watu wengi ni kuzigawa kazi zote kwa kilo kana kwamba kilo ndiyo baba wa kila mtoto.

"Kilo moja ya majani ikiwa fungu moja au mafungu kumi, ni kilo ileile," akasema. "Lakini kamba je? Kilo haizai kamba. Fungu ndilo linazaa kamba. Kuchambua baba yake nani?"

"Kikonyo."

"Kujaza ile karatasi ya ziada?"

"Nyongeza."

"Kupokea?"

"Safari. Akileta mara moja napokea mara moja, akileta kidogo kidogo nashinda getini."

"Basi. Umtafute baba, uhesabu watoto wake, ujue wanakula muda wa nani na kwa kiasi gani. Ukimaliza unajumlisha na bei. Hapo ndipo unajua msambazaji gani ni rahisi. Na hakuna mtu humu aliye 'yupo tu'. Kila aliyepo anafanya kitu, na kile kitu kina jina."

Wiki hiyo wasambazaji wote wawili walileta mizigo, nasi tukapimana. Nani kafungua, nani kachambua, ametumia muda gani, kwa mzigo wa nani. Siku ya kumaliza aliniuliza kama kuna kilichosahaulika. Nikachukua mkaa mwenyewe nikaandika chini kabisa: "kutonyonyesha". Nilikuwa na hasira, nilitaka aniambie nifute.

Aliinama akayasoma maandishi yale.

"Na hii baba yake nani?"

"Wako wawili, mzee. Fungu na kikonyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka alama pande zote mbili za mstari.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipopata jibu ambalo sikulitaka. Nilikuwa na hakika ukuta utamtetea Bi Mwajuma. Ulikataa. Lori lilikuwa na kazi nyingi mbaya, ndiyo, lakini safu ya Kisarawe ilizidi. Kamba peke yake zilikula muda wa watu kuliko vikonyo na mashine na matusi ya Mama Shaibu vikiwekwa pamoja. Nilishika tambara la maji.

"Usifute," akasema Mzee Lameck. "Ukuta haujui unampenda nani. Ndiyo faida yake."

Madam alikuja, akasoma yote, akafika mpaka chini kwenye maandishi yangu. Halafu akasema, "Basi yule wa Kisarawe aondoke."

"Sijasema aondoke," akajibu Mzee Lameck. "Nimesema anatufungulisha kamba. Ua kazi, usimuue mtu."

"Na huyo mtu akikataa?"

"Hajaulizwa, Madam," nikasema mimi.

Akatupa mpaka Ijumaa inayofuata. Asipoona tofauti, lori.

Nilikwenda Kisarawe siku iliyofuata, na Zawadi mgongoni, kwa sababu siku hiyo hakuna ambaye angenipangia saa ya mtoto wangu. Nyumba ya Bi Mwajuma iko mteremkoni, ukipita ofisi za wilaya unaacha lami. Nilimkuta barazani alasiri na wakwe zake wawili na rundo la kamba za mgomba zimelowekwa ndani ya beseni. Walikuwa wakikata kamba na kuzinyoosha, za mzigo wa kesho yake.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mmh! Mtoto huyu mbona mwembamba, au mama yake anakula peke yake?"

"Hanyonyi vizuri, bibi."

"Hataki?"

"Anataka. Mimi ndiye sipo."

Akamchukua, akampakata, akaendelea kunyoosha kamba kwa mkono mmoja. Nilimuuliza kazi hiyo inaanza saa ngapi. Akaniambia kamba huandaliwa jioni, na alfajiri wanachuma huku wanafunga. Wakwe zake wanaingia shambani giza halijatoka, wanatoka viuno vimekufa. Kuchuma si kitu, akasema. Kufunga ndiko kunaua.

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Nyumba ile ilikuwa inaamka gizani kufunga, sisi tunakaa sakafuni kufungua. Kazi mbili zinakutana zinauana, na mtoto wangu kati.

"Bibi, nani aliwaambia mfunge?"

"Nani aliniambia?" Alinitazama kama nimemuuliza nani alimfundisha kuvaa. "Si mlisema mnanunua fungu? Yule wa stoo kabla yako, 'Bi Mwajuma, lete mafungu.' Sasa mtu kanunua fungu, nimmwagie majani? Yeye mbuzi?"

Mkwe mmoja akaangua kicheko.

"Usicheke," akasema Bi Mwajuma. "Kuna heshima ya mali. Majani yaliyotawanyika ni ya mtu aliyekata tamaa."

"Bibi, sisi tunayafungua yote."

"Yote?"

"Yote. Fungu kwa fungu. Kwa kucha. Hayapiti mezani kwa mtu yeyote, yanakwenda kwenye mashine."

Akaiangalia kamba mkononi mwake, kisha akaiangalia sura ya Zawadi aliyekuwa amelala, kisha blauzi yangu.

"Kwa hiyo kamba zangu ndizo zinamnyima huyu?"

Nikasema ukweli, kwa sababu sina kipaji kingine. "Ndiyo, bibi. Kwa nusu."

"Ungeniambia toka zamani, mwana mbaya we," akasema, na akalirudisha beseni ndani.

Tulikubaliana mle barazani. Majani yachambuliwe shambani, yaachwe huru, yapangwe kwenye matenga yenye hewa, tununue kwa kilo. Wakwe zake walifurahi mpaka wakanipikia chai ya pili. Neno moja tu alilikataa.

"Nyongeza siachi. Mteja asiyepewa nyongeza umemfukuza. Nitafunga moja, niweke juu."

"Bibi, stoo haikubali ziada, naandikishwa karatasi."

"Hiyo si ya stoo. Hiyo ni salamu."

Ijumaa ile matenga yalifika. Niliingiza mkono mpaka kiwiko, baridi. Nikapima. Majani yakaenda kwenye maji moja kwa moja, kutoka kwenye maji mashineni, na mashine ikaimba bila kukohoa. Nilitazama saa, nikadhani imesimama. Ilikuwa saa nne, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

"We unashangaa nini?" Mama Shaibu alifoka. "Nenda! Kifua kitapasuka hapa tuanze kufuta sakafu!"

Nilikwenda mbio na aproni yangu. Mama alikuwa ndiyo kwanza anamfunga Zawadi mgongoni amlete kwenye uzio. Nikakaa kizingitini, nikamnyonyesha upande wa kwanza, nikamhamishia wa pili, na alipomaliza akaniachia mwenyewe, bila kuvutwa, akanitazama. Wiki nyingi hakuwahi kuachia mwenyewe.

Lile fungu la juu lilituletea maneno, kweli. Madam aliliona akauliza mbona halimo kwenye karatasi. Mzee Lameck, mdomo umejaa ukoko, akaenda ukutani kutafuta pa kuliweka, akarudi. "Halina kazi," akasema. "Hakuna anayelifungua kwa ajili ya jiko." Tangu hapo lilikuwa likienda kwa mama yeyote mwenye mtoto mchanga.

Bwana wa lori naye tulimwambia habari za vikonyo. Akasema tunajidai. Hamtashinda kila mtu. Lakini mwambieni kwanza, ndipo mkate jina lake. Na mkishakata, mrudi kupima baada ya muda, maana mtu aliyekuwa rahisi mwaka huu anaweza kubadili gari, na kazi zikazaliwa upya mkiwa mmelala.

Mzee Lameck alirudi kwao bara. Mama Shaibu alimfungia ukoko kwenye mfuko, ukaondoka ukiwa bado wa moto. Kila nilipolinganisha watu wawili, awe wa mkaa, awe wa nazi, nilisikia sauti yake: baba yake nani?

Sasa hasira.

Mwaka huu jiko limehamia Kwala, ndani kabisa karibu na viwanda. Hesabu ya kuhama niliiona. Nzuri. Mafuta ya pikapu yamo, chakula kupoa njiani kimo, hata muda wa kupakia umo. Aliyeifanya amesoma njia ileile ya Mzee Lameck, tena kwa kompyuta. Nilitafuta kazi moja humo, juu mpaka chini. Sikuiona. Kutoka Kwala kurudi kwa mtoto mchanga Mbwawa saa nne asubuhi si mwendo wa chungwa.

Nilimfuata Madam na mtoto wa pili kifuani.

"Mama Zawadi, ningefanyaje?" Macho yake yalikuwa mekundu, sitasema uongo.

"Ungehesabu."

"Usafiri wa wafanyakazi nimeuweka."

"Umeweka wetu. Wa maziwa je?"

Nikampa funguo, moja moja, nikimtajia kila mlango.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki, wengine bado hamjazaa, mnaniona mkali. Sawa. Kule Kwala ukuta ni wa vigae na haushiki mkaa. Tafuteni pengine pa kuandika. Andikeni kila mnachofanya, mtafute baba yake, na chini kabisa mwandike kile ambacho mnaona aibu kukitaja. Kikikosekana pale, mtu mwenye adabu zake zote atasema mpo tu.

Siku yangu ya mwisho pikapu ya Kisarawe ilipitia Mbwawa kabla ya kwenda Kwala. Mpwa wa Bi Mwajuma akanikabidhi fungu moja. "Kasema hii haipiti stoo."

Leo ni Ijumaa. Saa nne imefika, nimekaa kizingitini, mdogo wake Zawadi ananyonya. Fungu liko pembeni, kamba yake bado imefungwa. Zawadi, ambaye siku hizi ana vidole vya kujitegemea, ananiomba alifungue yeye. Nimemwambia afungue taratibu, kwa kucha, asikate. Hatuna haraka.